Pua ya Panya Buku

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hukosi kumsikia muuza sumu na kipaza sauti chake: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Maneno yaleyale asubuhi hadi magharibi. Panya hana mtetezi mjini hapa. Hata vijana walipoanza kuvamia watu kwa makundi, jiji liliwaita Panya Road.

Je, wajua kwamba katika jiji hilihili panya wamepewa kazi ya kutafuta kifua kikuu?

Ni panya buku, yule mkubwa mwenye mkia mrefu na vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Macho yake hafifu, ila pua ni balaa. Shirika la APOPO, lililoasisiwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens na kuweka kambi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, lilianza kwa kumfunza kunusa mabomu ya ardhini. Panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Waingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Wenzake walikuwa wameshaletewa makohozi.

Kwa darubini ya kawaida, mililita moja ya makohozi iwe na vimelea vya kifua kikuu kama 10,000 ndipo mtaalamu avione. Mwenye vichache, hasa mtoto au anayeishi na VVU, huambiwa hana kitu, akapanda daladala akikohoa. Panya hatafuti kimelea, hunusa harufu yake. Sampuli hupashwa moto kwanza ili vimelea vife, kisha hupangwa chini ya matundu kumi ya kizimba. Panya hupita tundu kwa tundu. Akiinasa harufu hukita pua kama sekunde tatu. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi.

Ujanja wenyewe uko kwenye malipo. Panya hulipwa ndizi iliyopondwa pamoja na chakula cha kusagwa. Lakini utamlipaje kwa sampuli ambayo hata wewe hujui ukweli wake? Ukimlipa kila aliposimama, kesho atasimama kila tundu. Naye anatafuta riziki. Basi huchanganyiwa sampuli ambazo zahanati imekwisha kuzithibitisha kuwa na ugonjwa, na hizo tu ndizo zenye ujira. Akikita pua kwenye ile iliyoandikiwa "hana", haambulii kitu, ila sampuli hurudishwa maabara, chini ya darubini kali zaidi. Hakuna anayeanzishiwa dawa kwa neno la panya peke yake, na nadhani ndivyo inavyopasa, maana panya naye hukosea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia makohozi ya watoto 982 wa umri usiozidi miaka mitano nchini. Zahanati zilikuwa zimewabaini 34. Baada ya panya kunusa na darubini kuthibitisha, wakaongezeka 23.

Tatizo la kupimia Morogoro lilikuwa umbali: jibu lilipofika Dar, mgonjwa alishapotea. Mwaka 2016 maabara ikafunguliwa Dar es Salaam kwenyewe, pikipiki zikachukua sampuli zahanatini, majibu yakatoka ndani ya saa 24. Kumpata mgonjwa bado ni kazi ya miguu. Hufanywa na watu wa kujitolea, wengi wao waliowahi kuugua na kupona, wakiwa na anwani za uswahilini zilezile: nyuma ya msikiti, ukifika ulizia kwa mama chapati.