Mbona unajinyima na kilo hazipungui?

Ni mchana mjini Garissa. Joto limepita nyuzi 35 na kila kiumbe kinatafuta kivuli, mbuzi chini ya migunga na watu barazani. Lakini wewe, msomaji, umejitanda shali, na vidole vya miguu yako ni vya baridi. Watoto wanakucheka. Asubuhi ulikunywa chai tu, mchana ukala nusu ya anjera, na usiku umeazimia kulala na njaa, kwani huu ni mwezi wa tatu unajaribu kupunguza mwili. Unapanda juu ya mizani kwenye duka la dawa na kuona kilo ni zile zile. Pengine imeongezeka moja. Wifi yako anakutazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba anajua unakula kwa siri jikoni.

Kabla hujajilaumu, na kabla hujaikata hata ile nusu ya anjera iliyobaki, hebu tuzungumze juu ya kiungo kimoja kidogo kilicho mbele ya shingo yako. Huitwa tezi ya thairoidi, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Wengi wetu huikumbuka tu inapovimba ikawa rovu. Lakini tezi inaweza kuzembea kazi bila ya kuvimba hata kidogo, na hapo ndipo mwenyewe huhangaika miaka akidhani ni uzee, ni uzazi, au ni uvivu.

Kazi ya tezi hii ni kutengeneza homoni inayouamuru mwili uchome chakula kwa kasi gani. Homoni ikipungua, moto wote hufifia. Mtu huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea, huchoka kabla ya adhuhuri, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, hedhi huwa nzito na sauti hukwaruza. Mwanamke hupatwa na hali hii mara nyingi zaidi kuliko mwanamume. Na dalili zenyewe zinafanana sana na upungufu wa damu au uchovu wa mama aliyejifungua juzi, ndiyo maana usijitibu kwa kukisia.

Kipimo chake ni cha damu, na hujulikana kwa herufi tatu, TSH. Wagonjwa wengi hukanganyikiwa hapa, kwani tezi ikilala kipimo hiki hupanda badala ya kushuka. Fikiria mwenye ngamia anayemwita mchungaji wake. Mchungaji akiwa macho, huitwa kwa sauti ya chini naye akaitika. Akiwa amesinzia, tajiri hupaza sauti, na asipoamka hupiga kelele. TSH ndiyo sauti hiyo, nayo hutoka kwenye tezi nyingine iliyo chini ya ubongo. Ukiambiwa iko juu, ujue shingoni kuna aliyesinzia.

Chumvi na maji ya kisima

Sasa nifike kwenye jambo linalowahusu hasa watu wa kaskazini mashariki. Karibu kila mtu akisikia habari ya rovu husema, "Ongeza ayodini." Ni kweli kwamba tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini hayo, na ndiyo sababu sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani iongezwe ayodini. Mtu mzima anahitaji kiasi cha mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kidogo kuliko punje ya mchanga.

Lakini mwaka 2002, katika kambi mbili za wakimbizi za Dadaab, Ifo na Dagahaley, wataalamu walipima ayodini katika mkojo wa akina mama wajawazito. Huenda walitarajia kukuta upungufu, kama inavyodhaniwa mara nyingi juu ya watu waliohama makwao na kuishi kwa chakula cha msaada. Walichokuta ni kinyume. Kiwango cha kati kilikuwa zaidi ya mikrogramu 720 kwa lita katika kambi zote mbili, ilhali Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kwa mjamzito kuanzia 500 ni kupita kiasi. Baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Somalia ulikuta hali kama hiyo, na ukaihusisha na maji ya visima virefu kuliko chumvi.

Kwa nini likuhusu? Kwa sababu ayodini ikizidi mno, tezi inaweza kuzimika vilevile kama inavyodhoofika ikipungukiwa, hasa tezi ambayo tayari ina kasoro. Basi mtu wa Dadaab akiongeza chumvi kwenye mchuzi, au akinunua vidonge vya mwani wa baharini alivyoletewa na jamaa kutoka ng'ambo, huenda anamwaga petroli mahali penye moto. Sisemi kwamba maji yote ya kwetu yako hivyo. Mji wa Garissa hunywa zaidi maji ya mto Tana, na maji ya mto si ya kisima. Nasema tu usijiongezee ayodini kabla ya kupimwa, na daktari akikuuliza maji unayokunywa yanatoka wapi, usimwone anapiga soga.

Mke na mume, sahani moja

Sasa tuje kwenye kalori, na hapa mwanamke mfupi ana kesi ya kusikilizwa. Tuchukue mama wa miaka 40, urefu sentimita 150, uzito kilo 65. Kwa hesabu wanayotumia wataalamu wa lishe, mwili wake akiwa amelala tu bila kufanya lolote hutumia karibu kalori 1,230 kwa siku. Akiongeza kazi za nyumbani na safari ya sokoni, anafika kama 1,600. Mume wake, rika lake, urefu sentimita 178 na kilo 80, hutumia karibu 1,720 akiwa amelala, na kazi za kawaida humpeleka juu ya 2,200.

Unaona? Wakila sawasawa kutoka sinia moja, yeye ananenepa na bwana anabaki vile vile, wala hakuna aliyekula kwa siri. Na tezi ikiwa imezembea, ile 1,600 hushuka zaidi.

Jibu la haraka ambalo wengi hukimbilia ni kushuka hadi kalori 800, au 600, au siku nzima kwa kahawa. Mwili haukubali kudanganywa hivyo. Njaa ikizidi, mwili wenyewe hupunguza ile homoni yenye nguvu ya thairoidi ili kubana matumizi. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, wanaume 36 waliojitolea walilishwa karibu kalori 1,570 kwa siku kwa muda wa miezi sita, ilhali walikuwa wakifanya kazi na kutembea sana. Walikonda, naam, lakini mapigo ya moyo yalipungua, walilalamika baridi, na matumizi ya mwili ukiwa umepumzika yalishuka kwa karibu asilimia 40. Hao walikuwa vijana wenye afya. Mwanamke ambaye tezi yake imelala tayari anaanzia pale walipoishia wao. Chini ya kalori 1,200 usiende bila daktari, na 800 ni chakula cha kusimamiwa hospitalini.

Basi wapi pa kupunguza? Mimi ningeanza na birika. Kikombe cha chai ya nusu maziwa nusu maji, chenye vijiko vitatu vya sukari, kina karibu kalori 110. Nyumba nyingi za Garissa hunywa kimoja alfajiri, kingine saa nne, kingine wageni wakija, na wageni huku hawakatiki. Vikombe vitano ni kalori 550, yaani theluthi moja ya siku nzima ya yule mama wetu, na bado hajatia tonge kinywani. Sikuambii uache chai. Punguza sukari polepole, kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa muda wa wiki kadhaa, na ulimi hautagundua. Hapo umeokoa kalori 160. Samli nayo, kijiko kimoja cha mezani kina zaidi ya 110. Ukiacha kijiko kimoja juu ya wali, jumla umepunguza kama 270 kwa siku bila kulala njaa.

Nyama usiikimbie. Mbuzi asiye na mafuta mengi hushibisha na kulinda misuli, na misuli ndiyo inayochoma. Nyirinyiri ni tamu, lakini kumbuka imelala ndani ya mafuta, basi ichuje. Ndengu, kunde, na matunda ya mashamba ya kando ya Tana ni rafiki zako: gramu 100 za tikitimaji hazizidi kalori 30 hivi. Wali na pasta jaza nusu ya unavyojaza sasa, si robo, maana robo huleta wizi wa usiku.

Kwa hesabu hiyo ya 270 utapungua karibu kilo moja kwa mwezi. Najua unakunja uso. Shoga yako mrefu alipungua nne. Lakini yeye ana nafasi ya kukata kalori 600 akabakiwa na chakula, nawe huna. Kilo moja kwa mwezi kwa mwanamke wa kimo chako ni kazi nzuri.

Tezi ya kondoo, kidonge cha leo

Tiba ya tezi iliyolala ilianza kwa mnyama tunayemjua vizuri. Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama huyo, aliyekuwa amevimba na kupooza kwa ugonjwa huu, aliamka tena. Aliishi miaka 28 zaidi, hadi 1919, na kwa muda huo ilihesabiwa kwamba tezi za kondoo zaidi ya 870 zilitumika kwa ajili yake. Leo kazi ya zizi lile zima inafanywa na kidonge kidogo cha levothairoksini.

Kidonge hicho kina masharti. Kinywe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Maziwa na chai hukizuia kuingia mwilini, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nacho saa nne. Wakati wa Ramadhani, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Aghalabu hushauri umeze usiku, saa tatu baada ya kula mara ya mwisho, au uamke mapema kabla ya daku. Tena joto la kwetu huharibu dawa, basi usiiweke dirishani wala jikoni chini ya mabati. Kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, si baada ya siku tatu.

Usitarajie kidonge kikukondeshe. Uzito unaoletwa na tezi yenyewe kwa kawaida ni kilo mbili hadi tano, nyingi zikiwa maji na chumvi mwilini. Ukitibiwa hizo huondoka, zilizobaki ni za birika na samli. Wala usikubali dada asiye na ugonjwa akuazime vidonge vyako ili apungue kwa harusi. Dozi asiyoihitaji huukimbiza moyo na kudhoofisha mifupa, na akiongeza miraa juu yake moyo unakimbizwa mara mbili.

Juu ya harusi, najua utakaa sinia moja na shangazi atakayekusukumia pande la nyama na kusema umekonda, mume atakukimbia. Mwambie umeshiba, umshukuru, na umpe maji. Mwezi ukiisha, rudi kwenye mizani ile ile ya duka la dawa, asubuhi, ukiwa umevaa dira ile ile, na uandike kilo zako nyuma ya kadi ya kliniki.