Mpira wa Pete na Wasichana wa Kibera na Kawangware

Wasomaji wengi wanaujua mpira wa pete, maana binti zao wameucheza shuleni. Lakini ukiwaomba wamtaje mchezaji mmoja wa Kenya aliyepata sifa kwa mchezo huo, watanyamaza.

Mchezo huu ulianza Uingereza katika miaka ya 1890, ukitokana na mpira wa kikapu wa Marekani. Mbio zake zilipunguzwa ili wasichana waliovaa nguo ndefu waweze kuucheza, na kanuni zake zikapigwa chapa mwaka 1901. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanywa Eastbourne mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Tangu hapo jirani zetu wametuacha nyuma. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2023, yaliyofanywa Cape Town, Uganda ilishika nafasi ya tano.

Je, wasichana wetu hawana uwezo? Sivyo hata kidogo. Msichana mrefu mwenye mikono myepesi akimaliza shule huvutwa na mpira wa wavu, wala hana kosa, kwa kuwa Magereza, Pipeline na benki ya KCB zina timu za wanawake, na timu ya taifa imekwisha kufika Olimpiki mara nne. Mpira wa pete haumo katika Olimpiki. Umo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwaka 1998, nayo si heshima ndogo.

Hata hivyo, kwa watu wa Kibera na Kawangware naona hakuna mchezo unaofaa kuliko huu. Ardhi huko ni haba. Nyumba zimesongana, na kila kiwanja kina wenyewe wengi. Uwanja wa pete una urefu wa mita 30 na nusu tu, na upana nusu ya hiyo; penye uwanja mmoja wa kandanda hutoshea sita vya pete. Tena mpira haudundwi chini mchezaji akikimbia, bali hurushwa kwa mikono kabla ya nukta tatu kupita, hivyo mawe hayaupotezi njia. (Magoti ya mchezaji ni habari nyingine, maana hulazimika kusimama ghafula.) Vyuma navyo si shida: fundi yeyote wa kuchomelea aweza kutengeneza pete ya sentimita 38 na kuifunga juu ya mlingoti wa mita tatu na kidogo.

Shida iko kwenye saa. Jioni, wavulana wanapokwenda kiwanjani, dada zao wamepanga foleni ya maji na mitungi yao, au wamebeba mtoto mgongoni. Wazazi wanaotaka binti zao wacheze yafaa kwanza wapatane nyumbani nani atateka maji siku hiyo, kisha wakapatane na vijana wa kandanda kiwanja kitaachwa saa ngapi.