Mbwa kupanda ndege: Maandalizi huanza miezi minne kabla

MKAZI wa Mnyuzi, wilayani Korogwe, anayehamia Ulaya na kutaka kwenda na mbwa wake, hana budi kuanza maandalizi miezi minne au zaidi kabla ya safari.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Umoja wa Ulaya bila kupimwa damu. Uingereza nayo hufuata utaratibu kama huo.

Kwanza, mbwa huwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha huchanjwa akiwa ametimiza wiki 12 au zaidi. Mpangilio huo haugeuzwi. Chanjo iliyotangulia chipu haitambuliwi, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyo anayesafirishwa. Mwenye kadi ya chanjo ya zamani tu hulazimika kuanza upya.

Zikipita siku 30 tangu chanjo, damu huchukuliwa na kupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Kingamwili zikifikia kiwango cha 0.5 kwa mililita kinachotakiwa, mbwa husubiri miezi mitatu, ikihesabiwa tangu siku damu ilipochukuliwa.

Safari yenyewe huanzia barabarani. Mnyuzi, mahali reli ya kutoka Ruvu inapoungana na ile ya Tanga, ipo zaidi ya kilomita 200 kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Kwa hiyo mbwa azoezwe kukaa katika kasha lake angali nyumbani.

Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA) zinataka kasha limwezeshe mbwa kusimama, kugeuka na kulala bila kubanwa, liwe na matundu ya hewa, na chombo cha maji kinachojazwa bila kufungua mlango.

Kwa wanaokwenda Uingereza, mbwa wa kufugwa huingia kwa ndege akiwa shehena, isipokuwa wale wanaosaidia watu wenye ulemavu. Wanyama hupakiwa katika sehemu ya mizigo yenye mgandamizo wa hewa kama wa chumba cha abiria, na rubani huarifiwa kuwapo kwao ili joto lidhibitiwe.

Dawa ya usingizi haishauriwi, kwani hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji. Mbwa wenye pua fupi, kama bulldog na pug, huwa hatarini zaidi, na baadhi ya mashirika huwakataa.

Mbwa akifika bila kutimiza masharti, huweza kurudishwa alikotoka, kuwekwa karantini au, ikishindikana, kuuawa, kwa gharama ya mwenyewe. Ni busara basi kumwona daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kukata tiketi.