Kusimama Mahali Pake: Padeli kwa Wanaoanza

Padeli, mchezo wa raketi unaochezwa na watu wanne, wawili kila upande, katika uwanja wa mita 20 kwa 10 uliozungukwa na kuta za kioo na nyavu za chuma, ulibuniwa mwaka 1969 na Enrique Corcuera nyumbani kwake Acapulco, Meksiko, ukahamia Marbella, Hispania, mwaka 1974, na katika miaka ya karibuni umeshika kasi katika nchi za Ghuba, ambako mashindano ya dunia yalifanyika Doha mwaka 2021 na Dubai mwaka 2022, hata ukafika Nairobi na Dar es Salaam. Ihanja, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, iko mbali na viwanja hivyo vya kioo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa ya mchezo huu haimo katika kioo bali katika mahali mchezaji anaposimama, na hayo yanaweza kufundishwa hata katika kiwanja cha udongo kilichochorwa mistari kwa majivu na kufungwa wavu katikati.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba mpira wa kuanzia si silaha. Kanuni humtaka anayeanzisha asimame nyuma ya mstari ulio mita 6.95 kutoka kwenye wavu, audundishe mpira chini, kisha aupige ukiwa haujapita kiuno, uende mshazari upande wa pili. Kwa hiyo ni nadra mpigo huo kumshinda mpinzani peke yake. Faida yake ni nyingine: humpa aliyeanzisha nafasi ya kusogea mbele mara moja na kuungana na mwenzake, ambaye wakati huo huwa amekwisha kusimama karibu na wavu.

Karibu na wavu ndipo mchezo unapoamuliwa. Wachezaji wawili waliosimama mita mbili au tatu kutoka kwenye wavu, ambao kimo chake katikati ni sentimita 88 tu, huweza kupiga voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, na kuuelekeza chini, ilhali walio nyuma hulazimika kuunyanyua kila mara. Mahali pabaya kuliko pote ni pale katikati, kwenye mstari wa kuanzia, kwa sababu mpira huangukia miguuni, umekaribia mno kusubiriwa na umeshuka mno kwa voli. Wanaoanza hukaa hapo kwa hofu ya kuchagua, na ndipo wanapopoteza pointi nyingi. Ni heri kuwa mbele kabisa au nyuma kabisa, na kupita hapo katikati upesi.

Kosa la pili ni kugawana uwanja nusu kwa nusu, kila mmoja akalinda upande wake bila kumtazama mwenzake. Wawili hao wanapaswa kwenda kama maksai waliofungwa nira moja: mmoja akisogea kulia kufuata mpira, mwingine naye asogee kulia kuziba katikati, na mmoja akirudi nyuma, wote warudi, huku umbali kati yao ukibaki kama mita tatu au nne. Pembe ya mbali inayoachwa wazi isiwatishe, kwa kuwa kuipata huhitaji mpigo mgumu. Kwa mpira unaopita katikati, wapatane kabla ya mchezo. Kwa kawaida, wote wakitumia mkono wa kulia, wa upande wa kushoto ndiye huuchukua, kwa kuwa mkono wake wenye nguvu unaelekea katikati.

Walio nyuma wasikimbilie kupiga kwa nguvu. Mpira uliodunda chini kisha ukagonga kioo hurudi polepole, kwa hiyo mchezaji asijibanze ukutani. Aache nafasi ya mkono, ausubiri upite, aupige ukiwa mbele yake. Mpigo wenye manufaa zaidi hapo ni lobu, yaani mpira wa juu unaopita vichwa vya walio mbele na kudunda karibu na ukuta wao wa nyuma, maana huwalazimisha kurudi, na mara wanapogeuka, waliopiga lobu husonga mbele wote wawili na kuchukua wavu. Lobu ikiwa fupi, hupigwa smashi, yaani mpigo wa nguvu kutoka juu ya kichwa. Ikigonga kioo cha wapinzani kabla ya kudunda, pointi imepotea.

Katika kiwanja cha wazi mkoani Singida, ambako upepo ni mkali kiasi cha kuufanya mkoa huo utajwe katika mipango ya umeme wa upepo, lobu hutaka hesabu zaidi. Anayepiga kuukabili upepo aupeleke mpira mbali kuliko anavyodhani inatosha, kwa sababu utasukumwa nyuma na kuanguka mfupi. Anayepiga upepo ukimtoka mgongoni apunguze nguvu na aulenge mpira kati ya wapinzani wawili. Na kwa kuwa pande hubadilishwa baada ya kila jumla ya gemu isiyogawanyika kwa mbili, wachezaji wauchunguze upepo upya kila wanapobadilisha.