Magauni Mangapi Kabla ya Saa 11?

Siku za kuelekea Idi, mteja akimfuata fundi cherehani huwa na swali moja: utawahi? Swali hilo halitaki dakika kamili. Linataka mpaka, na kwenye hisabati mpaka huandikwa kwa alama ya kutolingana.

Tuseme fundi anafungua saa 2 asubuhi, na nguo zinachukuliwa saa 11 jioni. Hizo ni saa 9, yaani dakika 540. Kukata vitambaa vyote ni dakika 30. Chakula na sala, dakika 60. Kushona gauni moja, pamoja na zipu na pindo, ni dakika 70. Idadi ya magauni tuiite x. Muda wote usizidi 540, kwa hiyo:

90 + 70x ≤ 540

Toa 90 kila upande: 70x ≤ 450. Gawanya kwa 70, x haizidi 6.43.

Wanafunzi wengi huishia hapo, nami naona ndipo hasa pa kufikiri. Gauni halishonwi kwa desimali. Jibu ni 6, na hata ingekuwa 6.9 bado ni 6, kwa kuwa la saba litavuka saa 11. Sasa geuza swali: ana magauni 20, anashona 6 kwa siku, atahitaji angalau siku ngapi? 6d ≥ 20, kwa hiyo d si chini ya 3.33. Safari hii tunapanda hadi 4. Ile kanuni ya kutazama kama desimali imefika nusu haisaidii hapa. Swali lenyewe ndilo linaloamua.



Lakini fundi mzoefu anajua kwamba 70 ni wastani tu. Gauni jepesi humaliza dakika 60, lenye bitana 80. Akiahidi 6 na yote yakawa ya bitana, atatumia dakika 570, achelewe nusu saa huku wateja wamejaa mlangoni. Basi aandike 90 + 80x ≤ 540, apate 5. Kwa magauni hayo, kazi ikiwa nzito kabisa atamaliza kwa dakika 490, abakiwe na 50 za kupiga pasi.