Wino wa dome: Je, ni dawa ya kina mama?

Wavuvi wa Pwani wanamfahamu vyema dome, jamaa ya pweza na ngisi. Ana mikono minane na minyiri miwili mirefu ya kunasia mawindo. Anapotishwa, hurusha wino mweusi majini na kutoroka huku adui yake akibaki gizani.

Wengi humjua kama kitoweo. Lakini katika tiba ya homiopathi wino huo hukaushwa na kufanywa dawa iitwayo Sepia, ambayo hupewa hasa wanawake. Je, dawa hii inatibu kweli?

Matumizi ya dome kama dawa si jambo geni. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya 1, aliandika kuwa gamba lake likichomwa na kusagwa lafaa kusafishia meno. China na India gamba hilo limetumiwa tangu zamani kwa magonjwa mbalimbali. Huko India huitwa kwa jina lenye maana ya povu la bahari, kwani mara nyingi huokotwa ufuoni likiwa limeletwa na mawimbi.

Wachina hulitumia kutuliza asidi ya tumbo, na jambo hili lina maelezo ya kisayansi. Gamba la dome ni kalisi kaboneti, madini yale yale yaliyomo katika baadhi ya tembe za kiungulia zinazouzwa madukani.

Habari ya wino ni tofauti. Aliyeufanya kuwa dawa ya homiopathi ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka wa 1755 na kufariki mwaka wa 1843. Mwaka wa 1790 alikula gamba la mti wa sinchona, linalotoa kwinini, akahisi dalili alizoona zinafanana na za homa ya malaria. Hapo akaamini kwamba kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo.

Wakati huo wachoraji wa Ulaya walitumia wino wa dome kama rangi. Inasimuliwa kuwa Hahnemann alikuwa na rafiki mchoraji aliyezoea kulamba brashi yake, na kwamba tabia hiyo ndiyo iliyomdhuru afya. Kisa hicho hurudiwa sana na wafuasi wake.

Mwanamke wa Sepia

Vitabu vya homiopathi vinamweleza mwanamke anayefaa kupewa Sepia kuwa ni yule aliyechoka, mwenye hasira za haraka, asiyejali tena mume wala watoto wake. Huhisi kana kwamba kizazi kinataka kudondoka. Wengine ni wajawazito wanaochefuliwa na harufu ya chakula, au wale ambao hedhi inakaribia kukoma na wanasumbuliwa na joto la ghafla.

Mama wengi wanaposikia maelezo hayo hujiona wao wenyewe. Pengine ni mara ya kwanza mtu kuwauliza kuhusu uchovu wao kwa utulivu.

Lakini hebu tutazame inavyotengenezwa. Sehemu moja ya wino husagwa pamoja na sehemu 99 za sukari ya maziwa. Kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo huchanganywa tena na nyingine 99, na kuendelea hivyo. Baada ya hatua za mwanzo hutumiwa maji na alkoholi. Dawa yenye alama 30C imepitia hatua 30. Hata bahari zote za dunia hazingetosha kuzimulia tone moja kwa kiwango hicho. Kwa hesabu za kemia, kufikia hatua ya 12 au 13 huwa hakuna uwezekano wa maana wa kupata hata chembe moja ya wino.

Mwaka wa 2015 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilitoa ripoti baada ya kupitia tafiti nyingi. Lilisema halikupata ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homiopathi inautibu. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasiitegemee kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria, na kuhara kwa watoto wachanga.

Mbona basi wapo wanaopata nafuu? Joto la ghafla huja na kupungua lenyewe, na kichefuchefu cha ujauzito mara nyingi huisha baada ya miezi michache. Kusikilizwa pia humpa mgonjwa faraja.

Hatari iko wapi?

Vidonge vilivyozimuliwa hivyo kwa kawaida havidhuru. Kinachodhuru ni kuchelewa. Mwanamke anayetokwa na damu mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, anapaswa kupimwa bila kukawia, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi nchini Kenya, nayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Kadhalika, mama aliyejifungua ambaye hamtaki mtoto wake au analia kutwa huenda ana ugonjwa wa huzuni, ambao una matibabu. Kizazi kilichoteremka nacho kina tiba: mazoezi ya misuli ya nyonga, pete maalumu, au upasuaji. Na anayetapika hadi hawezi kunywa maji apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anayependa kumeza Sepia na ameze, mradi kwanza amwone daktari na amwambie dawa zote anazotumia. Dome mwenyewe, akipikwa kwa nazi, atabaki kuwa chakula kizuri chenye protini nyingi.