Hamu ya Uwanda Wazi: Nani Aliuweka Wazi? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi mbuga za magharibi mwa Marekani zilivyogeuzwa kuwa alama ya uhuru. Leo nadai kwamba uwazi huo haukukutwa, bali ulitengenezwa, kisha hadithi zikausifu kana kwamba ulikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. James Fenimore Cooper, mmoja wa waasisi wa fasihi hiyo, aliligusa jambo hili mapema. Katika The Prairie ya mwaka 1827, mhusika wake Natty Bumppo ni mzee aliyekimbilia mbugani ili asisikie tena mashoka ya walowezi. Lakini The Pioneers, iliyotoka 1823, inamalizika kwa kumtaja yeye huyo kuwa mtangulizi wa taifa linalosonga magharibi. Anayeukimbia umati ndiye anayeufungulia njia, na Cooper hakulificha hilo. Waliomfuata ndio waliolisahau.

Sheria nazo zilifanya kazi yake. Ile ya 1830 ilifungua mlango wa kuwahamishia wenyeji ng'ambo ya Mississippi. Ya 1862 ikamwahidi mlowezi ekari 160. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge yake, na malisho yakaanza kukatwa vipande. Kufuatia sensa ya 1890, serikali ikatamka kwamba mpaka wa makazi haupo tena. The Virginian, riwaya ya Owen Wister iliyomkweza mchunga ng'ombe kuwa shujaa, ilitoka 1902. Uwanda ulipendwa zaidi ulipokwisha kuzungushiwa ua.

Wapo watakaosema kwamba kutamani nafasi ni tabia ya binadamu wote, na kwamba msomaji aliyebanwa mjini hana kosa akiota mbuga. Nakubali, hana kosa. Ninachokipinga ni picha anayopewa. Little House on the Prairie ya Laura Ingalls Wilder (1935) inasimulia familia iliyojenga Kansas katika ardhi ya wenyeji waitwao Waosage. Chapa zake za kwanza zilisema nchi ile haikuwa na watu, walikuwepo "Wahindi" tu, yaani wenyeji hao. Kauli hiyo ilisomwa na watoto kwa miaka 18 hadi iliporekebishwa mwaka 1953, baada ya msomaji kulalamika.

Sehemu ijayo itahusu filamu. Kabla ya hapo, tazama upya filamu yoyote ya wachunga ng'ombe unayoipenda, na uulize ardhi ile ilikuwa ya nani.